Kabla Hujanunua CDI Nyingine

Nilikuwa natoka Nanyuki kurudi Nyeri, saa mbili usiku hivi, nimembeba binamu yangu na begi la kamera. Tumeshapita Chaka, tunakaribia Kiganjo, na ni mwezi wa saba, ile baridi ya kuuma magoti. Nikaona shimo mbele, nikapinda kidogo kulia kulikwepa, gurudumu likagonga ukingo wake, nduthi ikazima.

Haikukohoa wala kupunguza nguvu kwanza. Ilizima tu kama mtu amezungusha ufunguo. Na nduthi ya aina hii ikizima, taa ya mbele inaenda nayo, juu taa inakula umeme moja kwa moja kutoka kwa koili ya magneti ndani ya injini. Haiulizi betri. Betri nayo ilikuwa imekufa kitambo. Kwa hivyo tulikuwa watu wawili gizani, hakuna taa mbele, hakuna nyuma, hakuna indiketa, na nyuma yetu kuna lori la mchanga.

Lori lilitupita. Dereva alituachia honi moja ndefu ambayo bado naisikia. Tulisukuma mpaka kwa taa za Kiganjo, nikapiga kiki mara mbili, ikawaka kana kwamba hakuna kitu kimefanyika. Hiyo ndiyo iliniudhi zaidi. Binamu yangu hakuongea mpaka tukafika nyumbani, kisha akasema, "Mimi hiyo kitu sipandi tena." Mpaka leo hajapanda.

Sasa wasee, mnajua mimi huwa naposti mambo ya safari na chakula. Leo ni waya. Mkiboeka mtanisamehe, lakini kuna mtu mahali ana nduthi ya babake yenye shida kama hii na anakaribia kununua CDI ya tatu. Hii ni yako.

Kwanza muijue nduthi yenyewe. Mzee wangu aliinunua 2010. Hiyo ni miaka ile pikipiki zilijaa kila mahali, juu 2008 serikali iliondoa VAT kwa pikipiki ndogo, zile za chini ya cc 250, na vijana wengi wakaingia boda. Yake bado ina namba ya KB kama gari, kabla hazijaanza kupewa namba zao za KM. Ni ya China, lakini ukiichunguza ni nakala ya Honda CG125, injini ambayo Honda waliitoa 1976 na viwanda vingi vya China vikaikopi. Hii ni habari njema kwako, kwa sababu waya zake mara nyingi hufuata rangi za Honda. Nitarudi hapo.

Mzee alipiga boda na hiyo nduthi steji ya Ruring'u miaka zaidi ya kumi. Ilinisomesha sekondari. Ikanipeleka chuo Nairobi. Na hapa lazima niseme kitu ambacho sijawahi kuandika: nilipoacha chuo mwaka wa tatu, sikuacha kwa kukosa karo. Karo ilitumwa. Elfu 34. Nilinunua kamera ya mitumba na laini ya intaneti, nikakaa Nairobi semista nzima nikimwambia mzee masomo yanaenda poa. Alikuja kujua kupitia kwa mtu wa kanisa.

Hakunipigia kelele. Ningependa angepiga. Mimi ni kifungua mimba, nimepewa jina la guka, kwa hivyo tangu nizaliwe mzee ameniita "baba", vile Wakikuyu wengi huita mtoto mwenye jina la baba yao. Baada ya ile habari akaanza kuniita "wewe". Miezi kadhaa ilikuwa, "Wewe, ng'ombe amekunywa maji?" Basi.

Goti lake lilipoanza kumsumbua akaacha boda, nduthi ikakaa kwa stoo kando ya magunia ya viazi. Siku moja akaniwekea ufunguo mezani. "Unaihitaji kwa hiyo kazi yako?" Nikasema ndiyo. "Chukua. Lakini ukiharibikiwa usiniletee fundi hapa."

Na ikaharibika. Tena na tena. Kabla ya ule usiku wa Kiganjo ilikuwa imenizimia Karatina sokoni, ikanizimia Mweiga kwenye mvua, na mara mbili hapo mjini Nyeri kwenye mzunguko wa magari, watu wakinitukana. Kila mara niliisukuma kwa fundi, na kila fundi alikuwa na jibu kabla sijamaliza kueleza. Ni CDI. Tukabadilisha. Ni koili ya plagi. Tukabadilisha. Ni ile CDI, ulinunua feki. Tukanunua nyingine. Betri haishiki moto, basi ni rekitifaya. Bado haishiki, basi ni betri yenyewe.

Nilikaa nikapiga hesabu. CDI mbili 1,400. Koili 450. Plagi tatu 600. Rekitifaya 650. Betri 1,800. Hiyo ni 4,900 na sijaweka ufundi. Na nduthi bado inazima.

Usinielewe vibaya, sitaki kuwatukana mafundi wa mtaa. Wale watu wanajua kusikiliza injini mpaka unashangaa. Shida ni vile tunawalipa. Fundi akikubadilishia kitu, unampa mia mbili bila kuuliza, juu umeona kitu kipya kimeingia. Akikaa saa moja na nusu akipima waya, akapata ni bolti chafu, akaisafisha bure bila spea, utasema, "Si umeisugua tu?" Utampa hamsini. Kwa hivyo amejifunza kubadilisha. Hata mimi ningebadilisha.

Asubuhi ya baada ya Kiganjo nilienda mjini nikanunua mita, ile ndogo ya njano yenye kitasa cha kuzungusha katikati, 500. Ningeinunua mwanzo ningekuwa na 4,900 yangu.

Nilianza na betri kwa sababu ndiyo rahisi. Betri ya volti 12 iliyojaa, imetulia, inafaa kusoma kama 12.6. Ikishuka karibu na 12.0, hiyo ni kama tupu. Yangu mpya ilisoma 12.1. Sawa, washa injini, ongeza moto kidogo, pima tena palepale. Kama mfumo unachaji, mita inafaa kupanda, mahali kati ya 13.5 na 14.5. Yangu ilibaki 12.1 kama mtu amelala. Kwa hivyo betri haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa inalala njaa, ya zamani na hii mpya.

Hapa ndipo ningenunua rekitifaya ya pili. Badala yake nikafanya kitu niliona kwa video ya fundi mmoja wa India, siongei lugha yake lakini mikono yake ilikuwa inaongea. Unaweka ncha moja ya mita kwa negativu ya betri, nyingine kwa chuma cha bodi ya nduthi, alafu unafinya honi. Hizo pointi mbili zinafaa kuwa kama kitu kimoja, kwa hivyo mita inafaa kusoma karibu na sifuri. Yangu ilisoma zaidi ya volti moja. Volti nzima inapotea kati ya betri na chuma ambacho betri imefungwa nacho!

Nikafuata ule waya wa kijani. Na hapa ndipo rangi zinaingia, skiza vizuri: kwa Honda na nakala zake, kijani ndiyo athi, ule waya wa kurudisha umeme kwa bodi. Nyeusi SI negativu. Nyeusi ni umeme unaotoka kwa ufunguo ukiwashwa, na nyekundu ndiyo inatoka kwa betri. Mtu aliyezoea waya za redio ya gari akiingia hapo na akili ya "nyeusi ni negativu" anachoma kitu. Nafikiri ndiyo imechoma nduthi nyingi hapa Nyeri kuliko mvua.

Kijani ulienda mpaka bolti moja chini ya kiti, na bolti yote imepakwa rangi nyekundu. Nikakumbuka. 2018 mzee aliipeleka ipigwe rangi mpya, na mpiga rangi alifunga waya juu ya rangi. Kwa miaka yote hiyo umeme umekuwa ukipita kwa nyuzi chache za bolti zilizokwaruzika. Nikafungua, nikasugua na msasa mpaka chuma king'ae, nikafunga, nikapaka grisi kidogo juu kuzuia kutu. Nikawasha. 14.1.

Nilipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. Mzee alitoa kichwa dirishani, akaangalia, akarudi ndani.

Lakini kuchaji si kuzima. Injini ya hii nduthi haihitaji betri kabisa, CDI inapata umeme wake kutoka kwa koili yake ndani ya magneti. Unaweza kutoa betri uweke kando na bado itawaka kwa kiki. Kwa hivyo ile shida ya Kiganjo ilikuwa kitu kingine, na hiki ndicho kilichonifundisha zaidi.

Mimi nilidhani ufunguo ukizimwa unakata umeme, kama swichi ya stima nyumbani. Kwa nduthi hizi ni kinyume. Kuna waya mmoja mweusi wenye mstari mweupe kutoka CDI kwenda kwa swichi ya ufunguo. Ukizima ufunguo, swichi inaunganisha huo waya na athi, CDI inanyamaza, moto wa plagi unaisha. Ukiwasha, swichi inauachilia. Yaani kuzima ni kugusisha. Sasa fikiria: huo waya ukichubuka mahali na shaba yake iguse chuma, CDI haijui kama ni ufunguo au ni ajali. Itanyamaza tu. Na shaba ikiachana na chuma, injini inawaka tena kana kwamba hakuna kitu kimefanyika.

Kana kwamba hakuna kitu kimefanyika. Unaona?

Jaribio la kwanza: nikachomoa huo waya kwenye CDI, nikawasha, nikapinda usukani kushoto na kulia nikiitingisha. Haikuzima. (Ukifanya hivi jua ufunguo hauizimi tena, itabidi uweke gia, ushike breki, uachilie klachi mpaka ife. Na usiiache hivyo. Wezi wa nduthi wanajua huo waya kukushinda.) Kwa hivyo CDI zote tatu, ile ya zamani na mbili nilizonunua, zilikuwa nzima. Bado ninazo mbili kwa droo.

Jaribio la pili: injini imezimwa, betri imetolewa, ufunguo uko kwenye kuwasha, ule waya bado umechomolewa CDI. Mita nikaiweka pale pa kulia ukigusanisha ncha. Ncha moja kwa waya, upande wa kwenda kwa swichi, nyingine kwa chuma. Kimya, vile inafaa. Nikapinda usukani kulia polepole. Robo ya njia, mita ikalia. Nikarudisha, ikanyamaza. Kulia, ikalia. Nilifanya hivyo kama mara ishirini, kama mtoto na toy.

Inaweza kuwa swichi ya ufunguo, au ile ya kuzimia kwa usukani, au waya wenyewe. Nikachomoa soketi ya swichi ya kwanza. Bado inalia. Nikachomoa ya pili. Bado. Basi ni waya, na ni mahali unapopinda, kwenye shingo ya usukani. Sikuwa nimekata kitu chochote wala kununua chochote, na ilikuwa imebaki kama sentimita thelathini za kutafuta.

Nikakata ile tepu nyeusi kwenye shingo. Chini kulikuwa na tepu nyingine. Chini yake, selotepu. Chini yake, karatasi ya plastiki ya mkate iliyofungwa na uzi wa gunia. Ndani, jamani, maungio. Nilihesabu kumi na moja kwenye hizo sentimita thelathini. Waya wa spika umeungwa na waya wa Honda, waya wa stima ya nyumba umeungwa na wa spika, zote zimesokotwa tu kwa vidole, hakuna risasi. Rangi zimeacha maana kabisa, kijani imeingia kwa nyekundu ikatokea njano. Na ule mweusi wa mstari mweupe uko katikati, umevutwa mpaka umebana kwenye pembe ya chuma, ngozi imeisha, shaba inang'aa.

Nikaenda kuangalia fyuzi sasa nikiwa na wasiwasi. Haikuwa fyuzi. Ilikuwa ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara imeviringwa. Mzee wangu havuti sigara.

Nilikuwa nimeshatoa simu kupiga video. Nilikuwa na maneno tayari, mnajua vile mimi huongea, "Wasee, kujeni muone mauaji." Mzee akawa amesimama nyuma yangu, sijui tangu lini. Akainama na lile goti lake bovu, akagusa ungio moja kwa kidole.

"Hii ni ya Tumutumu," akasema.

Nikamwuliza ya Tumutumu vipi. Akasema alikuwa anapeleka mama mjamzito hospitali usiku, nduthi ikazima kabla ya Karatina, akakata waya wa redio yake akaunga na meno, tochi ya simu mdomoni. Mtoto alizaliwa salama, akasema, wakamlipa baada ya miezi miwili. Akagusa nyingine. Hiyo ilikuwa 2016, wiki ya mimi kuingia fomu wani, alikuwa na masanduku yangu nyuma. Karatasi ya sigara aliokota kando ya barabara, kwa sababu fyuzi ilikuwa shilingi ishirini na duka lilikuwa limefungwa na kulikuwa na abiria anangoja.

"Nilikuwa nataka kuja kuitengeneza vizuri," akasema. "Lakini ikilala siku moja kwa fundi, hiyo ni siku moja."

Nilirudisha simu mfukoni. Hiyo video haipo, msiniulize.

Sijui kama niliomba msamaha. Nafikiri nilisema kitu kuhusu ile elfu 34, nikiangalia waya, si yeye. Yeye pia alikuwa anaangalia waya. Akasema, "Ile kamera, inafanya kazi?" Nikasema ndiyo. Akanyamaza kidogo alafu akauliza risasi ya kuungia nitatoa wapi.

Niliazima pasi ya risasi kwa jirani anayetengeneza simu. Kazi ilichukua siku mbili, na wacha niwape vile ilienda bila kuzunguka. Hatukubadilisha waya zote. Fundi mmoja aliniambia 6,500 kwa furushi zima jipya, lakini waya kutoka magneti mpaka chini ya kiti zilikuwa nzima, nilizipima. Tulitoa tu kile kipande cha shingo. Kila ungio tulilichoma risasi, tukalivika ule mpira unaosinyaa ukipashwa moto, na tuliyapanga maungio yasikae pamoja mahali pamoja, yasije yakafanya fundo. Muhimu kuliko yote, tuliachia waya ulegevu kwenye shingo. Pinda usukani mpaka mwisho kushoto, mpaka mwisho kulia, hakuna waya unafaa kuvutika. Ule wa mstari mweupe haukuharibika juu ya umri. Uliharibika juu kila ungio lilikula sentimita moja ya urefu, mpaka ukakaza kama kamba ya gita.

Fyuzi tuliweka yenye ampea zilizoandikwa kwa kikasha chake. Shilingi ishirini, na mbili za akiba zimefungwa na tepu hapo kando. Kama wewe umeweka foili, toa leo. Fyuzi inaungua ili waya usiungue, na waya ukiungua uko sentimita chache chini ya tangi la petroli, katikati ya miguu yako.

Soketi za plastiki tulizifungua zote, juu baridi ya Nyeri na umande wake zinaingia huko polepole, tukasugua ile kutu ya kijani na mswaki. Hapo panya walikuwa wamepita pia. Ukiweka nduthi na viazi, hayo ndiyo malipo.

Mzee ndiye alishika mita siku ya pili. Nilimwonyesha mara moja tu. Akapinda usukani kulia mpaka mwisho, kimya. Akaurudia, kimya. Akairudia tena, akisikiliza na kichwa kimeinama, kama anangoja ilie.

Alafu akapanda. Sijamwona kwa hiyo nduthi karibu miaka miwili. Alipiga kiki moja, akazunguka uwanja, akipinda kulia, kulia, kulia tu, kuku wakikimbia, na taa ya mbele imewaka mchana. Akafinya honi. Ilitoa sauti kamili, si ile ya mbuzi mgonjwa. Akasimama karibu na mimi bila kuizima, akaangalia chini ya usukani mahali palipokuwa na redio yake ya boda, ile ya spika mbili. Niliitoa kwa sababu alikuwa ameiunga moja kwa moja kwa betri bila fyuzi.

"Baba," akasema, "na redio yangu umeweka wapi?"

Iko kwa droo, na zile CDI. Wikendi hii tunairudisha, na fyuzi yake.